Papai Bichi na Mfungo Mkavu

Kuna uchovu wa kulala ukaamka umekwisha, na kuna ule unaoamka kabla yako ukakungoja mlangoni. Emérence alikuwa na huu wa pili. Alivuka nao mpaka kutoka Bukavu, akakaa nao miaka ile aliyouza mihogo ya kukaanga kando ya barabara kule Nakivubo, Kampala, na akaingia nao jikoni kwa Madamu Malee, Mthai mwenye mgahawa juu ya mlima wa Muyenga. Humo alikuwa amepika chakula cha Kithai miaka kumi na zaidi bila kujua Thailand iko upande gani wa jua.

Wateja walipomwuliza alikojifunzia, alijibu kuwa alijifunzia kwenye kinu, nao wakacheka wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Madamu alipofungua mgahawa alitafuta mtu wa kutwanga kachumbari ya papai bichi. Kwao papai bichi huchanwa nyuzinyuzi, likatiwa kinuni pamoja na pilipili, kitunguu saumu, karanga, ndimu, sukari guru na mchuzi wa samaki wa chupa, likapigwa kidogo tu, liumie bila kupondeka. Wengi walikuja kujaribu wakaligeuza uji. Emérence, aliyetwanga sombe, majani ya mhogo ya kwao, tangu siku ambazo mchi ulimzidi urefu, alipiga kwa mkono mmoja na kugeuza kwa kijiko kwa mkono wa pili, na Madamu hakumwuliza swali jingine.

Mengine yote alifundishwa kwa ulimi. Jikoni kwa Madamu hapakuwa na kikombe cha kupimia wala mizani. Ndimu za leo si ndimu za jana, Madamu alisema kila siku. Hizi zimekaa juani sokoni Kikuubo zikakauka, zile zimejaa maji tupu, na mchuzi wa samaki wa chupa hii si wa chupa ile. Kwa hiyo mpishi huonja. Huonja mwanzo, huonja katikati, huonja tena sahani ikiwa tayari kuondoka, mpaka uchachu, utamu, chumvi na pilipili vikae pamoja kama majirani waliokwisha kupatana. Vijiko vya kuonjea vilisimama kwenye bilauri ya maji kando ya kila jiko, na jioni Madamu alizitazama bilauri zile kabla ya kutazama kitu kingine.

Sasa Madamu alikuwa anaondoka. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani kule kwao, naye ndiye binti pekee, na ugonjwa wa namna ile haumwambii mtu utaisha lini. Mgahawa hakutaka kuufunga. Aliwaita wapishi wake akawaambia wazi kwamba anatafuta mtu wa kumwachia jiko, na kama hampati miongoni mwao, yuko mpishi mmoja Nairobi aliye tayari kuja na watu wake mwenyewe. Hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Watu wa Nairobi wakiingia kwa mlango wa mbele, wa zamani hutoka kwa mlango wa nyuma.

Kwa Emérence mlango wa nyuma ulikuwa na jina, nalo ni Nakivubo. Maana yake ilikuwa kurudi kwenye lami, kwenye karai la mafuta, jua la utosini na moshi wa magari puani, na kulinyakua karai lenye moto akimbie nalo kila askari wa jiji wanapotokea. Alikuwa amekaribia hamsini. Mwanawe Guerschom alikwisha kuoa akahamia Mbarara, ana yake ya kumtosha. Miguu ya Emérence ilikuwa imemwambia kwamba huko hairudi, na mtu hawezi kubishana na miguu yake.

Jaribio likawekwa Jumamosi. Siku hizi wenye nafasi zao Kampala wamechoka na vitambaa vya meza. Wanataka kula kama watu wa barabarani, ilimradi barabara yenyewe isiwe barabara. Madamu alikuwa amewasoma. Aliamuru magari yatolewe uani, akapanga viti vifupi vya plastiki, akatundika taa za rangi, akaweka majiko ya mkaa na makarai mapana, ili mtu akae magoti yakimgusa kidevu, atokwe jasho, na ajione yuko Bangkok. Emérence aliviangalia vile viti akakumbuka kwamba alikuwa nacho kimoja kama hivyo Nakivubo, na hakuna aliyewahi kukipiga picha. Lakini kazi ni kazi. Siku hiyo angesimama na kinu chake peke yake mbele ya wateja, akitwanga kachumbari ya papai sahani kwa sahani, na Madamu angetazama.

Mtu mwingine angelala mapema akapumzisha mikono. Emérence alikwenda kwa yaya Victoire.

Yaya kwao ni dada mkubwa, ila Victoire hakuwa dada yake wa tumbo moja. Alikuwa mwanamke wa Bukavu aliyemwokota kwenye kituo cha mabasi siku ya kwanza, akamlaza kwenye mkeka wake Makindye, akamfundisha kukata mihogo na kuwakimbia askari. Mpaka leo alikuwa bado anauza pale pale Nakivubo, na hakuwahi kumwonea Emérence kijicho kwa kupata kazi ya kivulini. Alikuwa mwombaji. Katika kanisa lao la mabati, ambamo Wakongo wa Makindye walimlilia Mungu kwa Kiswahili na Kifaransa kwa zamu, jambo zito haliombwi na mtu aliyeshiba. Huombwa kwa kufunga, na zito zaidi kwa kufunga kavu: hakuna chakula, hakuna maji, hakuna kitu kupita ulimini, siku tatu nzima. Na wawili wakishikana mikono wakalitaja jambo kwa sauti, mfungo wao ni mmoja. Mmoja akiuvunja, umevunjika wa wote.

Basi wakashikana mikono, wakalitaja jiko la Madamu Malee, wakafunga kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi jua litakapozama.

Msomaji umekwisha kuliona shimo liko wapi. Emérence naye hakuwa kipofu. Aliliona akalifunika kwa majani. Alijiambia kwamba mikono yake imekwisha kujua. Mkono uliomimina mchuzi wa samaki miaka yote hiyo unajua pa kukomea, na Mungu anayemwona mtu amesimama motoni na kinywa kikavu kwa ajili yake hawezi kumwacha aaibike. Angeweza kufunga juma lililotangulia, akala, akanywa, akaenda kwenye jaribio na nguvu zake. Lakini kanisani kwao ilijulikana kwamba mfungo sharti uiguse siku yenyewe ya jambo. Anayemvusha mwenzake barabara hamwachi katikati ya magari.

Alhamisi na Ijumaa zilipita kwa msaada wa mzee Muhamadi. Muhamadi alikuwa Mnubi wa Bombo, mwana wa askari wa zamani, mkaangaji wa samaki wa Madamu, mwenye magoti mabovu na asiyetaka ukubwa wowote. Kwake ukubwa ulikuwa kusimama zaidi. Emérence alimpelekea kijiko amwonjee, akampelekea tena, na mara ya tatu mzee akamwuliza kulikoni. Alipoambiwa, aliweka mwiko chini akamtazama kama anayetazama sufuria iliyopasuka.

“Mama Guerschom, mimi nafunga kila Ramadhani na napika kila Ramadhani,” alisema. “Unaweka kidogo kwa ncha ya ulimi, unatema, basi. Mungu anajua kazi yako iko ya nini.”

Emérence alimjibu kwamba huo ni mfungo wa Waislamu, na kanisani kwake wana wao. Kwao kitu kikigusa ulimi kimekwisha kuingia. Muhamadi hakubishana. Dini za watu ni kama ndoa za watu, mgeni haingilii. Aliendelea kumwonjea, akisema punguza, ongeza, ndimu bado, na siku mbili zikapita bila sahani kurudi. Ila Ijumaa jioni Madamu alisimama mbele ya bilauri iliyokuwa kando ya kinu cha Emérence, akaona maji yake ni meupe kama yalivyomiminwa asubuhi. Aliyatazama kwa muda, akapita.

Jumamosi Emérence aliamka ulimi umegandamana na kaakaa. Kichwa kilimgonga nyuma ya macho, na alipoinama kuvaa viatu chumba kilizunguka, ikabidi akae kitandani mpaka kitulie. Alimfikiria Victoire. Saa hizo mwenzake alikuwa amekwisha kuwasha mkaa Nakivubo, anakaanga mihogo asiyoweza kuila, anawauzia watu maji ya chupa asiyoweza kuyanywa, chini ya jua lisilojua nani amefunga na nani hakufunga. Na hakuna alichokuwa anajiombea mwenyewe. Wazo hilo lilimwinua Emérence kitandani. Akajikaza kisabuni, akaenda kazini.

Uani kulipendeza, hilo mtu hawezi kulikataa. Moshi wa mkaa ulipanda, taa zilining'inia, na wenye magari walikuja mmoja mmoja wakacheka walipoviona vile viti, kisha wakavikalia. Madamu alikuwa amempeleka Muhamadi na karai lake la samaki mbali kabisa, karibu na lango. Emérence alipouliza kwa nini wasikae pamoja kama jikoni, Madamu alisema leo kila mtu na moto wake. Hakuonekana kama anayesema kwa bahati mbaya.

Sahani ya kwanza ilikwenda kwa bwana mmoja na mkewe. Emérence alichana papai, akatia pilipili na kitunguu saumu, akatwanga, akamimina mchuzi wa samaki kwa mkono wake wenye akili, akakamua ndimu, akageuza, akapakua. Mke alikula uma mmoja, akala wa pili, akaisogeza sahani kwa mumewe. Mume aliionja, akaisogeza katikati ya meza, na hapo ikabaki, hata nzi wakaanza kuitembelea. Sahani ya pili ilirudi nusu. Mwenye sahani ya tatu alikuwa binti mstaarabu. Aliirudisha mwenyewe na kuuliza kwa upole kama inawezekana kutengenezewa nyingine, maana hii ina chumvi sana na haina kingine.

Emérence akaitengeneza tena. Akapunguza mchuzi wa samaki kwa kukisia, akaongeza ndimu kwa kukisia. Ndimu za siku ile zilitoka kwenye gunia jipya, kubwa, za kupendeza, na ndani hazikuwa na kitu ila maji. Chupa ya mchuzi wa samaki nayo ilikuwa ngeni, picha yake haikuwa ile aliyoizoea. Alitwanga kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo liko kwenye mchi. Jasho ambalo hakujua linatoka wapi, kwa mtu asiyekunywa kitu tangu juzi, lilimtiririka shingoni. Mkono, kumbe, haukuwa na akili yoyote. Miaka yote hiyo ulikuwa ukitumwa na ulimi, na leo bwana wake yuko kifungoni.

Binti yule aliila ile ya pili kwa adabu tu, akaacha robo tatu, akahamia kwa Muhamadi kula samaki.

Ndipo Madamu Malee akaja. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye Kiswahili alichojifunza kwa wapishi wake, na hakuwa na tabia ya kupiga kelele. Alichovya kijiko kinuni, akaonja, akakaa na ile ladha kinywani kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

“Umeonja?” aliuliza.

“Nimeonja, Madamu.”

Huyo ndiye mtu aliyefunga siku tatu kwa ajili ya Mungu, na tazama kilichomtoka kinywani. Emérence mwenyewe alilisikia neno lile likianguka, akaona haya.

“Basi ulimi yako imekufa,” Madamu alisema, bila hasira, kama daktari. “Kesho napiga simu Nairobi.”

Aliweka kijiko safi kwenye ukingo wa kinu, akaenda kuwasalimu wateja.

Emérence alikitazama kile kijiko. Aliona karai la mafuta na lami na miguu yake. Aliona pia midomo ya Victoire. Akijitetea kwa kumwambia Madamu habari za mfungo, Madamu angesema nini? Angesema mpishi anayefunga ulimi siku ya kupika ni kama dereva aliyefumba macho ili aombe safari njema, na angekuwa na haki. Na akiendelea kutwanga bila kuonja, jiko litakwenda Nairobi, na njaa ya Victoire ya siku tatu itakuwa imeliwa na upepo. Akionja, mfungo umevunjika, wake na wa yule aliyeko juani. Huku moto, huku maji. Wakati anafikiri, wakaja wanaume wawili wakaagiza sahani mbili, pilipili nyingi.

Akamkumbuka Muhamadi. Ncha ya ulimi, unatema, basi. Alijiambia Mungu wa Muhamadi na wake hawawezi kuwa wanaishi mbali sana. Alitwanga, akachovya kijiko cha Madamu, akaugusisha ulimi, mkono wa pili umeshika karatasi ya kutemea.

Hakutema. Hakuamua kutotema, koo lilimtangulia. Koo lililokaa kavu siku tatu liliona unyevu ukipita mlangoni, likauvuta, likameza, kabla kichwa hakijatoa amri. Emérence alisimama na karatasi yake mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na ladha ikamjia. Ilikuja yote kwa pamoja, chumvi ikiwa mbele inapiga kelele, utamu umejificha, ndimu haipo kabisa. Ilikuwa kachumbari mbaya, na hakuwahi kuonja kitu kizuri kama hicho maishani mwake. Angalikuwa na machozi angalilia. Badala yake mikono ikaanza kazi: sukari guru kidogo, ndimu mbili zaidi, halafu akaona hazitoshi, akachota maji ya ukwaju kwenye bakuli la jiko la tambi lililokuwa jirani, akatia, akageuza, akaonja tena. Kijiko cha kwanza kilikuwa na kisingizio. Cha pili hakikuwa nacho, na cha tatu hakukitafutia.

Wanaume wale wawili walikula wakaagiza nyingine. Yule bwana wa kwanza, ambaye sahani yake ilikuwa bado katikati ya meza, aliona wenzake wanavyotokwa machozi ya pilipili wakicheka, akaja mwenyewe kuomba. Baadaye foleni ikasimama mbele ya kinu mpaka ikawazuia wanaotaka samaki. Emérence alionja kila sahani, akapakua kila sahani, mabega yakimwaka moto, na hakuna iliyorudi na kitu. Maji ya kunywa hakuyagusa. Mfungo ulikuwa umekwisha kuvunjika na haikuwa na maana yoyote kujizuia, lakini chupa ilipopitishwa aliona aibu kuipokea.

Jua lilipoelekea kuzama Madamu alirudi. Aliomba sahani yake, akaila yote akiwa amesimama, kisha akaiinua ile bilauri ya vijiko, ambayo sasa maji yake yalikuwa yamegeuka rangi ya tope. Aliitikia kwa kichwa. Alimwambia Emérence kwamba jiko ni lake, na Jumatatu waanze kuzungumza habari za funguo na za watu anaotaka kubaki nao. Halafu akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Furaha haikuja. Ilikuwa imesimama mahali fulani, huenda ingekuja kesho. Kilichokuja ni uchovu, ule ule wa siku zote, na alichotaka ni kukaa chini kwenye kimojawapo cha vile viti vya plastiki asiinuke tena. Muhamadi alimjia akichechemea, akampongeza, akamwangalia usoni na kuelewa. Alimshauri asimwambie huyo dada yake kitu. Atakula, atalala, kesho atamshukuru Mungu, na hakuna atakayeumia; ukweli mwingine, alisema mzee, ni wa kumezwa kama dawa, bila kutafuna.

Ulikuwa ushauri wa mtu mwema. Emérence aliubeba kichwani pamoja na chungu kidogo cha uji wa mchele aliokuwa ameupika kwa kufungulia mfungo, laini, wenye tangawizi na nyuzi za kuku, kama ambao Madamu huwapikia wagonjwa. Aliuonja kabla ya kuufunika. Njia nzima, nyuma ya boda, akiwa ameukumbatia ule moto kifuani, alijiambia kwamba hatasema. Waliteremka Muyenga, wakapanda Makindye, na alikuwa bado hatasema.

Victoire alikuwa amelala ubavu kwenye godoro, mlango wazi ili apate hewa. Alikuwa ameuza mpaka mchana, akafunga biashara macho yalipoanza kuona giza. Midomo ilikuwa imepasuka, na alipomwona Emérence alitabasamu, mpasuko mmoja ukatoa damu. Hata hivyo aliinuka. Alikuwa amekwisha kuosha sahani moja ya bati na kuiweka juu ya kigoda kati ya godoro na kiti, kwa kuwa waliofunga pamoja hufungua kwenye sahani moja, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Emérence alipakua uji. Mvuke wa tangawizi ukajaa chumba.

Kabla ya kugusa kijiko, Victoire alitaka habari. Aliuliza kwa neno moja.

“Ulishikilia?”

Ungekuwa uongo wa neno moja, na siku ile alikuwa amekwisha kusema mmoja. Lakini huyu hakuwa Madamu. Huyu alikuwa na damu mdomoni.

“Nilionja, yaya.”

“Ulionja ao ulimeza?”

“Nilimeza. Kwanza koo ilimeza yenyewe. Kisha mie nilimeza.”

Nje jirani alikuwa anamwita kuku wake. Emérence alieleza yote kwa haraka, ndimu za maji, chupa ngeni, simu ya Nairobi, kijiko kwenye ukingo wa kinu, na mwishoni, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, akasema kwamba jiko amepewa.

“Wamekupa,” Victoire alirudia polepole. Aliufunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo, na Emérence hakujua kama analia au anashukuru. Alipoviondoa, macho yalikuwa makavu. Aliuweka mkono wake juu ya sahani, mvuke ukimpita vidoleni.

“Basi Mungu ametoa mbele ya siye kumaliza,” alisema. “Haifai tumwache vile, tuko na deni yake.”

Emérence aliuliza kama wanaanza tena kesho. Alisema yuko tayari, na mwili wake wote ukisema hauko.

“Weye hapana. Sasa kazi yako ni ulimi. Utaonja kesho, utaonja kesho kutwa, utaonja mpaka siku watakutoa mule. Hautafunga tena, mdogo wangu.” Alisema hivyo bila lawama, kama anayemtajia mtu njia. “Miye nitaanza upya kufunga, juu yako, kwa ajili yako weye.”

Emérence alikataa. Alisema mwenzake atakufa, alisema Mungu hawezi kutaka hivyo, alisema waule uji wote wawili sasa hivi na dhambi iwe juu yake. Alimshika Victoire mkono, na mkono ule ulikuwa mwepesi na mkavu, kama jani la mhogo lililosahauliwa juani. Mwishowe alikubaliwa jambo moja tu, kwamba Victoire atakunywa maji usiku ule kabla ya kuanza. Alimchotea kikombe. Victoire alikunywa kwa mafundo madogo, macho yamefumbwa, akakirudisha.

“Sasa kula,” alisema.

“Siwezi, yaya.”

“Kula, mutoto ya mama. Kama hukule, nitafunga juu ya nini?”

Kwa hiyo akala. Uji ulikuwa umekolea sawasawa, chumvi mahali pake, tangawizi mahali pake, na njaa ya siku tatu haina haya. Kijiko cha tatu kilikwenda kasi kuliko cha kwanza. Victoire alimtazama kwa upendo, akimeza mate kila Emérence alipomeza. Emérence alikula upande wake mpaka bati likaonekana, akaweka kijiko chini. Victoire akaushika ukingo wa sahani kwa vidole viwili, akaigeuza taratibu mpaka upande wake mwenyewe, uliokuwa bado umejaa, ukafika mbele ya Emérence.